Kinachokula Intaneti Yako Si Paswadi

Kuna uongo unaotembea Eldoret umevaa ovaroli, umebeba ngazi begani na mzigo wa waya mkononi. Unasema hivi: ukiweka ulinzi mwingi kwenye Wi-Fi, intaneti inakuwa nzito. Fundi anautamka huku akikuwekea paswadi ya 12345678 "isikusumbue". Msimamizi wa ploti anaurudia. Kijana wa duka la simu pale Barabara ya Oginga Odinga anakuuzia pamoja na chaja. Nasi, watu wazima wenye akili zetu, tunaumeza mzima mzima. Kisha saa tatu usiku, taarifa ya habari ikianza kukwama na kile kiduara kuzunguka kwenye skrini, tunampigia simu mtoa huduma tumtukane hadi vocha iishe.

Mimi nasema hivi: katika nyumba za mji huu hakuna mizani yenye kasi upande mmoja na ulinzi upande wa pili. Kinachoiba kasi yako ni huo ulegevu unaouita wepesi. Na wanaokuambia uchague kimoja kati ya viwili wana faida yao. Fundi anaokoa dakika kumi ili awahi kazi nyingine Kapsoya. Kampuni inapunguza simu za wateja waliosahau paswadi. Mwenye ploti anauza mara kumi kitu alicholipia mara moja. Anayebaki na duara linalozunguka ni wewe.

Nenda Elgon View uone maajabu. Ukuta wa mawe futi nane, juu yake nyaya za umeme, langoni mlinzi na mbwa wawili wasiomjua hata mchungaji wa kanisa. Ndani ya nyumba hiyo kuna rauta yenye jina lilelile la kiwandani, na paswadi yake ni namba ya simu ya mwenye nyumba, ileile iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bango la biashara yake kule Barabara ya Uganda. Mawimbi hayajui ukuta wa mipaka. Yanaruka juu ya nyaya za umeme hadi barabarani, na mtu aliyeketi ndani ya gari na simu mkononi anaingia bila mbwa hata mmoja kubweka.

Uongo huu haukuzuka hivi hivi, una wazazi. Wi-Fi ilipopata kiwango chake cha kwanza mwaka 1997, ilikuja na ulinzi ulioitwa WEP. Chipu za siku zile zilikuwa dhaifu, na Marekani ilikuwa bado inabana uuzaji wa usimbaji wenye nguvu katika nchi za nje, kwa hiyo ufunguo wa WEP ukawa wa biti 40 tu. Hata huo mdogo, katika vifaa vingine kazi ya kusimba ilitupiwa kichakata kilichokuwa tayari kinahema. Ukiuwasha kasi ilishuka, ukiuzima ilipanda. Mafundi wa wakati huo waliona kwa macho yao na hawakudanganya. Lakini mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha kwamba WEP inavunjika. Mwaka 2003 kikaja kiraka kiitwacho WPA, chenye mbinu ya TKIP, kilichobuniwa makusudi ili kiendeshwe na vyombo vilevile vikuukuu. Mwaka uliofuata ikaja WPA2 yenye AES, na kuanzia Machi 2006 kifaa kipya hakikuweza kupewa nembo ya Wi-Fi bila hiyo. Kazi ya kusimba ikahamia kwenye sehemu maalumu ndani ya chipu ya redio yenyewe, ambayo haifanyi kingine ila hiyo.

Fundi wetu amebaki 2001. Ameshika ukweli uliokufa kabla hajamaliza shule ya msingi, na anautumia kutoza pesa za leo.

Hebu tupige hesabu, maana porojo tumezisikia za kutosha. WPA2 huongeza baiti 16 kwenye kila pakiti ya data inayoruka hewani. Pakiti kubwa, zile zinazobeba filamu yako na mkutano wako wa Zoom, zina baiti 1,500 hivi. Kumi na sita kwa elfu moja mia tano ni asilimia moja na kidogo. Hiyo ndiyo gharama yote ya ulinzi inayofanya watu waache milango wazi. Kama laini yako ni ya megabiti 15 kwa sekunde, hutaiona asilimia hiyo, kwa sababu redio ya rauta ina uwezo mkubwa kuliko waya unaoilisha. Inayobana ni laini, wala hewa haijajaa.

Sasa sikia kinachonichoma moyo. Ulinzi unaopunguza kasi upo kweli, nao ni ule mbovu! Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n kilichoidhinishwa mwaka 2009, ambacho ndicho kilichotutoa kwenye mwendo wa kinyonga, kinakataza kasi zake kutumika pamoja na WEP au TKIP. Ukichagua TKIP, kifaa kinarudishwa kwenye kasi za zamani: megabiti 54 kwenye karatasi, na mkononi nusu yake au hata chini ya hapo. Safaricom ilipopandisha kasi za faiba ya nyumbani Septemba 2024, kifurushi cha Gold kilifika megabiti 80 kwa shilingi 6,299 kwa mwezi. Kuna watu wanalipa hizo pesa, kisha fundi anafungua mipangilio, anachagua "WPA/WPA2, TKIP na AES pamoja" ili simu ya zamani ya shangazi iingie bila matata, na kompyuta iliyojiunga kwa njia hiyo ya TKIP inaambulia megabiti ishirini na kitu. Wamelipia themanini. Wanaopata ishirini na kitu wanailaumu faiba, wanailaumu mvua, wanalaumu Serikali, na kibonyezo cha kuliondoa tatizo kiko ndani ya ukurasa ambao hawajawahi kuufungua tangu rauta ibandikwe ukutani.

Tuje kwa majirani. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa video ya ubora wa 1080. Kifurushi cha chini cha faiba hiyo niliyoitaja, Bronze, kilikuwa megabiti 15 kwa shilingi 2,999 baada ya mabadiliko hayo ya 2024. Gawanya. Simu tatu zinazotazama filamu zinaimaliza laini yote. Tatu! Sasa niambie ni ploti gani Langas au Munyaka yenye simu tatu tu. Paswadi ya 12345678 haikai na siri hata wiki moja. Mtoto wa mlango wa pili anaibahatisha akisubiri chai ichemke. Na hata ukiweka ngumu kiasi, tangu 2019 simu za Android zinaweza kuonyesha mchoro wa QR wa mtandao wowote zilioujua. Mgeni mmoja anapiga picha, anamtumia binamu yake, na binamu ana kundi la WhatsApp la darasa zima. Huyo ndiye anayekula intaneti yako. Anakula saa nne usiku, akipakua mchezo wa simu wa gigabaiti mbili, wakati wewe umekaa na kazi ya mteja wa ng'ambo inayokataa kupanda. Mji huu una vijana wengi wanaokula kwa kuandika na kufanya kazi mtandaoni. Kwao kuchelewa saa moja ni malipo kukatwa.

Tena jirani hali bando tu, anakula na hewa. Hili halielezwi na mtu yeyote, nami nitalieleza taratibu. Wi-Fi huzungumza kifaa kimoja kimoja kwa zamu kwenye chaneli moja. Mtoto wako akiwa sebuleni, simu yake inaweza kuzungumza na rauta kwa megabiti 72 na kumaliza haraka. Jirani aliye ng'ambo ya kuta mbili za mawe anasikika kwa shida, kwa hiyo redio yake inashuka hadi megabiti 6 au chini yake ili isikike. Kutuma kitu kilekile kutamchukua muda mara kumi na mbili. Muda huo wote nyumba nzima imenyamaza ikimngoja. Ndiyo maana mtu mmoja tu wa mbali, asiyefanya lolote kubwa, anaweza kuifanya nyumba yenye faiba nzuri ionekane kama inatumia mtandao wa 2008. Na katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizogongana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Panda ghorofa za Annex ufungue orodha ya Wi-Fi kwenye simu: majina yanateremka skrini baada ya skrini, mengi yamejibana kwenye chaneli hizo tatu. Katika msongamano huo, kumkaribisha mtu wa kuta mbili ni kujinyonga.

Nitasikia mtu akisema: wewe mwandishi una roho mbaya, ujirani wetu uko wapi? Mtoto wa jirani anasoma Chuo Kikuu cha Eldoret, hana bando, nimfungie mlango? Usimfungie. Rauta nyingi tulizonazo zina uwezo wa kufungua mtandao wa pili wa wageni, wenye paswadi yake, uliotengwa na vifaa vyako, na nyingi zinakuruhusu kuuwekea kikomo cha kasi. Mpe huo. Mpe megabiti tatu asome hadi ahitimu na akualike kwenye sherehe. Ukarimu wa kweli una kipimo, na anayetoa anajua anatoa nini. Kumwachia mtu ufunguo wa nyumba nzima kwa sababu umeona uvivu kufungua ukurasa wa mipangilio hakuna utu ndani yake.

Kuna na wale wanaojiona wajanja. Wanaficha jina la mtandao. Wanaandika orodha ya anwani za vifaa vinavyoruhusiwa. Ni bure kabisa! Jina lililofichwa linatamkwa hewani kila kifaa kinapojiunga, na anwani ya kifaa hurushwa bila kusimbwa, kwa hiyo mwenye programu ya kunusa anainakili na kuivaa. Zaidi ya hayo, simu za siku hizi hubadilisha anwani zao kwa makusudi, basi atakayefungiwa nje ni mkeo.

Na kile kibonyezo cha WPS nyuma ya rauta! Kiliwekwa kwa ajili ya wepesi: bonyeza, kifaa kinaingia. Lakini kimefungamana na namba ya siri ya tarakimu nane, na Desemba 2011 Stefan Viehböck alianika aibu yake. Tarakimu ya mwisho ni ya kukagua tu, na rauta hukubali au kukataa nne za kwanza peke yake, kisha tatu zinazofuata. Milioni mia za kubahatisha zikageuka 10,000 kujumlisha 1,000. Kijana mwenye kompyuta kuukuu na subira anaweza kuzimaliza akiwa amelala. Paswadi yako iwe ya herufi thelathini, WPS ikiwa wazi katika rauta ya zamani, umejisumbua. Wala kuizima hakupunguzi kasi hata chembe.

Sitaki kumtisha mtu kwa mambo ambayo si ya kweli. Jirani aliyeingia kwenye Wi-Fi yako hasomi PIN yako ya M-Pesa. Programu za benki na tovuti karibu zote za maana siku hizi husimba mawasiliano yake zenyewe. Anachoweza ni kuiona kamera ya ulinzi uliyoinunua bila kubadilisha paswadi yake. Anaweza kufungua ukurasa wa rauta kwa "admin" na "admin", akabadilisha mahali rauta inapouliza njia, ukitaka tovuti moja ukapelekwa pengine. Na lolote chafu atakalofanya litatoka na anwani ya laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamwekea anayeingia bila idhini faini ya hadi shilingi milioni tano au kifungo cha hadi miaka mitatu. Vizuri. Lakini mpelelezi ataanza kugonga mlango wa nani? Wako. Na utaanza kueleza habari za 12345678 ukiwa umesimama.

Mnaodhani haya ni madogo, kumbukeni 2016. Vijana wa Marekani waliandika programu iitwayo Mirai, ikazunguka intaneti ikijaribu paswadi sitini hivi za kiwandani kwenye kamera na rauta za majumbani. Sitini tu! Ikakusanya jeshi la vifaa mamia ya maelfu, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliiangusha Dyn, kampuni ya kuelekeza majina ya tovuti, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa mamilioni ya watu. Mwezi mmoja baadaye ndugu yake Mirai aliingilia mlango wa usimamizi wa mbali, na wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani wakapoteza intaneti. Hao walipewa kasi gani na urahisi wao? Sifuri. Kifaa kilichotekwa kinatuma takataka usiku kucha kwa laini yako, na asubuhi unasema faiba imelegea. Visanduku vya bei nafuu vya Android tunavyochomeka kwenye televisheni ndivyo vinavyofuata: Juni 2025 FBI ilionya kuhusu BADBOX 2.0, programu haribifu inayokuja ndani ya vifaa vya aina hiyo, vingine tangu kiwandani. Vichomeke kwenye mtandao wa wageni, au viache dukani.

Wauza Wi-Fi wa mtaani nitawagusa kwa mkono mwepesi, kwa sababu wamefika Huruma na Langas ambako wenye mitaji mikubwa waliona hakuna pesa. Shilingi kumi kwa saa, unalipa kwa M-Pesa, unaingia. Hongera zao. Lakini mtandao wao mara nyingi hauna paswadi wala usimbaji hewani. Kinachomtambua mteja ni anwani ya kifaa. Mjanja anainakili anwani ya aliyelipa, na dakika za mwenzake zinaliwa na watu wawili. Mteja anaona kasi imekufa, anadhani ameibiwa na muuzaji, anahamia kwa mwingine. Ndugu zangu, ulegevu huo unawala nyinyi wenyewe.

Haya, tuwe waungwana: kuna mahali ulinzi unagharimu kasi kweli. VPN, njia ya kupitisha mawasiliano yako yakiwa yamesimbwa kwenye seva ya mbali, ni mojawapo. Telegram ilipobanwa wakati wa mtihani wa kitaifa wa KCSE, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, vijana walikimbilia VPN za bure na wengi hawakuziondoa tena. Bila VPN, video ya YouTube unaweza kuipata kutoka ghala la Google lililoko hapa hapa Kenya. Ukipitia seva ya London, kila ombi linashuka Mombasa, linapita chini ya bahari na kurudi, zaidi ya milisekunde mia moja kwa safari, na seva yenyewe umeigawana na maelfu. Ukiiweka VPN ya aina ya OpenVPN ndani ya rauta ya bei rahisi, kichakata chake kitachoka kabla ya laini. WireGuard, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2020, ni nyepesi zaidi, lakini bado ni mzigo. Anayehitaji VPN anajua sababu yake, asiyehitaji aizime. WPA3 nayo, iliyotoka 2018, hukataliwa na baadhi ya simu za zamani, basi iwashe pamoja na WPA2. Na usifungue mitandao mitano kwenye rauta moja, kwa kuwa kila jina linajitangaza hewani mara kumi kwa sekunde. Hizo ndizo gharama. Hakuna hata moja inayohalalisha 12345678. Tena tazama wanaokwenda mbele: masafa mapya ya gigahezi 6, yenye kasi kuliko zote tulizowahi kuota majumbani, hayakubali kifaa kisicho na WPA3 au usimbaji wa kizazi hicho. Waliounda kasi wenyewe wamekataa kuiuza bila ulinzi.

Kwa hiyo lawama yangu haikomei kwa fundi. Uingereza ilipiga marufuku paswadi za kiwandani zinazokisika kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024; jimbo la California lilitangulia tarehe 1 Januari 2020. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa humu nchini. Iandike kwenye masharti yake: rauta yenye paswadi ileile kwenye visanduku vyote haipiti, yenye WPS ya namba haipiti, isiyopokea masasisho haipiti. Eldoret imekuwa jiji tangu 15 Agosti 2024, tumepiga vigelegele, tumebadilisha mabango. Jiji haliwezi kuendelea kuwekewa intaneti kwa utaratibu wa kijiji chenye rauta moja. Na kampuni zinazotuma vijana na ngazi ziwalipe kwa nyumba iliyofungwa vizuri, si kwa idadi ya nyumba kwa siku. Akilipwa kwa kukimbia, atakimbia.

Wakati tunaisubiri Mamlaka, uwezo uko kwako. Fundi akimaliza kupigilia waya na kukupa ile fomu ya kukiri kwamba kazi imekamilika, mwambie kwanza afungue ukurasa wa rauta mbele yako. WPA2 yenye AES pekee, au pamoja na WPA3. WPS imezimwa. Paswadi ya msimamizi imebadilishwa na wewe, mwenyewe, yeye akiangalia pembeni. Masasisho yamewekwa. Mtandao wa wageni umefunguliwa na kuwekewa kikomo. Akisema hana muda, anasubiriwa Kapsoya, mwambie nawe huna kalamu.